Kufuatilia maisha ya Kanali Benjamin Logan wa Kentucky: nianzie nyaraka zipi?

Mpekuzi wa Bluegrass (mleta mada)

Wadau, habari zenu. Naandaa makala ya Kiswahili juu ya Benjamin Logan, mlowezi wa mwanzo wa Kentucky na ofisa wa mgambo wa Virginia wakati wa Vita vya Uhuru vya Marekani. Ninaowalenga ni Waswahili walioko Lexington na Louisville, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo, ambao majina ya Logan, Shelby na Lincoln wanayaona kwenye mabango kila siku.

Mifupa ya habari ninayo. Alizaliwa Kaunti ya Augusta, Virginia. Mwaka 1775 alianzisha makazi ya St. Asaph, ambayo ngome yake ilijulikana kama Logan's Fort, karibu na mji wa sasa wa Stanford. Mwaka 1777 ngome ikazingirwa na Washawnee. Mwaka 1786 akaongoza msafara uliochoma vijiji vya Washawnee kwenye Mto Mad, Ohio ya leo. Akafariki Desemba 11, 1802.

Nikitaka nyama juu ya mifupa hiyo, kila kitu kinagongana. Kuzaliwa: wengine wanasema 1742, wengine 1743. Kuzingirwa kwa ngome: huku Mei 1777, kule Julai 19. Cheo: kwa mwaka huohuo mmoja anamwita kapteni, mwingine kanali, mwingine jenerali. Nimetafuta faili lake la pensheni, hakuna. Sensa ya 1790, hakuna. Kuna ukurasa unamfanya kiongozi wa Wenyeji wa Asili, na mwingine unasema aliuawa 1812! Ofisa mkubwa hivi anakosekanaje kwenye kumbukumbu za nchi yake? Nianzie wapi?

---

Msoma Masijala

Mkuu, kukosekana huko hakuna maajabu, umebisha tu milango isiyo yake.

Pensheni kwanza. Sheria iliyowafungulia mlango askari wa mgambo ni ya Juni 7, 1832, na ilitaka mtu awe ametumikia angalau miezi 6. Wakati huo Logan alikuwa kaburini karibu miaka 30. Wajane waliingizwa na sheria ya Julai 4, 1836, lakini mke wake, Ann Montgomery, alikuwa ameshaolewa tena na James Knox. Kwa hiyo ukimtafuta mama huyo kwenye nyaraka za baada ya 1802, usiishie kwenye jina la Logan, tafuta na Knox.

Sensa: za Kentucky za 1790 na 1800 zimepotea, inayosomeka kwanza ni ya 1810. Anayekuuzia "sensa ya Kentucky ya 1790" anakuuzia orodha ya walipa kodi iliyobadilishwa jina. Na nyaraka za Wizara ya Vita ziliungua Novemba 1800, kwa hiyo hata huko Washington kuna pengo ambalo hakuna atakayelijaza.

Orodha za kodi zenyewe, hata hivyo, ni nzuri kuliko sensa kwa kazi yako, maana ziliandikwa karibu kila mwaka. Zinaonyesha wanaume weupe waliopita miaka 21, watumwa kwa idadi, farasi, na kwenye nyingi za baada ya 1792 utakuta ekari, kijito ambacho ardhi iko kando yake, na jina la aliyeipimisha awali. Picha zake ziko kwenye tovuti ya FamilySearch bila malipo. Zisome mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Mwaka mmoja peke yake hausemi kitu, lakini jina likitoweka Kaunti ya Lincoln na kuibuka Kaunti ya Shelby, umepata uhamisho wake bila kumuuliza mtu.

Halafu anza na kifo urudi nyuma. Mwisho wa maisha aliishi Kaunti ya Shelby, hivyo wosia, orodha ya mali na mgawanyo wa urithi unaviuliza kwenye vitabu vya mahakama ya Shelbyville. Kabla ya hapo, kumbukumbu za Kaunti ya Lincoln zilizoko Stanford zinaanzia 1781.

Na hapa ndipo wengi wanapotea, kwenye mipaka. Mtu aliyekaa St. Asaph tangu 1775 bila kuhama hata hatua moja amepita kaunti tatu: Fincastle hadi mwisho wa 1776, Kentucky hadi 1780, kisha Lincoln. Karatasi za Fincastle zilibaki Virginia, mahakama ya Montgomery pale Christiansburg. Augusta ziko Staunton, lakini mahakama yake haikuanza kazi hadi 1745, kwa hiyo mambo ya baba yake ya kabla ya hapo yatafute Kaunti ya Orange. Chora jedwali la mwaka na kaunti kabla hujafungua tovuti yoyote, vinginevyo utasema "hakuna" mahali ambapo hakukupaswa kuwa na kitu.

---

Karani wa Zamani

Naongezea kwenye tarehe na vyeo, maana ndiko kwenye fujo hasa.

Kuzaliwa 1742 au 1743: kumbuka hadi 1752 Virginia ilitumia kalenda ya zamani ya Kiingereza, ambayo mwaka mpya ulianza Machi 25. Tukio la Februari 1743 kwa hesabu yetu, karani wa wakati ule aliliandika 1742, na aliye makini aliandika 1742/3. Mnakili wa baadaye akidondosha mkwaju (/), mwaka umebadilika. Kasisi wa Kipresbiteri John Craig aliacha daftari la ubatizo la Augusta la 1740 hadi 1749. Itafute picha ya ukurasa wenyewe, orodha iliyopigwa chapa isikutosheleze. Na ukiipata, andika "alibatizwa", usiandike "alizaliwa".

Cheo cha mgambo Virginia kilikuwa na tarehe tatu: siku mahakama ya kaunti ilipompendekeza, siku gavana aliposaini hati ya uteuzi, na siku mhusika alipokula kiapo mbele ya mahakama. Kati ya ya kwanza na ya mwisho ingeweza kupita miezi kadhaa, maana barua ilivuka milima kwa farasi. Kitabu cha maagizo ya mahakama kinakupa ya kwanza na ya tatu. Waandishi wawili wakitofautiana kwa miezi minne juu ya ukanali, angalia kwanza kama hawakunukuu tarehe mbili tofauti za jambo lilelile.

Mtego mwingine: cheo cha Luteni wa Kaunti. Huyu si luteni wa kikosi. Ni mkuu wa mgambo wote wa kaunti, na makanali wako chini yake. John Bowman alikuwa Luteni wa Kaunti ya Kentucky. John Todd aliteuliwa na Gavana Patrick Henry Desemba 1778 kuwa Luteni wa Kaunti ya Illinois, na kwa vitendo hiyo ilikuwa kazi ya kutawala eneo zima. Nimeona tafsiri zinamshusha mtu kutoka kanali kuwa luteni, eti alipunguziwa cheo. Hapana, alipandishwa.

Sasa turudi kwenye pensheni. Yeye hana faili, ila vijana wake wanalo. Kwa sheria ya 1832 mzee alisimama mahakamani akaeleza chini ya kiapo alitumikia lini, wapi, chini ya nani, na akajibu maswali yaliyopangwa: ulizaliwa wapi na mwaka gani, una kumbukumbu ya umri wako, ulikuwa unaishi wapi ulipoitwa, uliitwa kwa zamu, ulijitolea au ulikwenda badala ya mtu, maofisa wako walikuwa nani. Tafuta "Logan" ndani ya maelezo yao, sio kwenye kichwa cha faili. Herufi iliyotangulia namba inakuambia faili ni la nani: S ni askari aliyekuwa hai, W ni mjane, R ni ombi lililokataliwa. Hayo ya R usiyaruke. Mara nyingi yana maelezo marefu kuliko yaliyokubaliwa, kwa sababu mwombaji alirudishwa tena na tena kuongeza ushahidi.

Tahadhari moja. Wazee hawa walisema miaka 50 baada ya tukio, na wanamwita mtu kwa cheo alichomalizia nacho. "Jenerali Logan" wa 1777 ni kumbukumbu ya 1832 ikizungumza. Kwa hiyo ushahidi wao utumie kwa nani alikuwapo na walipita wapi. Tarehe na vyeo vichukue kwenye karatasi za wakati ule.

Kwa kanuni hiyohiyo jibu la Mei au Julai linajitokeza. George Rogers Clark, ofisa mwenzake wa mgambo, aliandika shajara palepale Kentucky, na shambulio la ngome ya Logan ameliweka Mei 30, 1777, pamoja na majina ya aliyeuawa, William Hudson, na waliojeruhiwa, Burr Harrison na John Kennedy. Julai 19 inatoka kwenye kitabu cha John Filson cha 1784, katika sehemu iliyoandikwa kana kwamba Daniel Boone ndiye anayesimulia. Shajara ya siku ileile dhidi ya kitabu kilichotoka miaka 7 baadaye: mimi nafuata shajara, na Julai naitaja mara moja tu ili msomaji ajue ilikotoka.

---

Mpekuzi wa Bluegrass

Asanteni sana wakuu, jedwali la kaunti nimeshalichora. Swali la nyongeza: ardhi. Kwenye hifadhidata ya Ofisi ya Ardhi ya Kentucky naona tarehe tofauti kwa kiwanja kinachoonekana kuwa kilekile, tena kuna karatasi zenye jina la mtu mwingine kabisa. Na hizo "pole" za kwenye ramani ni kipimo gani?

---

Mpima wa Zamu

Hapa usiende haraka, kwa sababu ardhi ndiyo itakayokupa nusu ya makala yako.

Sheria ya ardhi ya Virginia ya 1779 ilisema hivi: aliyekaa Kentucky kabla ya Januari 1, 1778, akaishi mwaka mmoja au akavuna mahindi, ana haki ya ekari 400, na haki ya kwanza ya kununua ekari 1,000 zinazopakana nazo. Tume ya kusikiliza madai ilianza kikao chake cha kwanza Oktoba 1779 palepale St. Asaph, ikazunguka Harrodsburg, Boonesborough na vituo vingine hadi Aprili 1780. Daftari la tume ni nyaraka ya kwanza kuitafuta kwa mlowezi yeyote wa kundi hili, maana dai linaeleza mtu alifanya nini pale na mwaka gani.

Baada ya cheti cha tume kuna hatua nne, kila moja na tarehe yake. Ya kwanza hati ya kudai, inayosema tu una haki ya ekari kadhaa. Ya pili usajili wa eneo, ambapo unamwambia mpima ardhi wa kaunti unataka wapi. Ya tatu upimaji wenyewe na ramani yake. Ya nne hatimiliki yenye saini ya gavana, wa Virginia kabla ya Juni 1, 1792 na wa Kentucky baada ya hapo. Kutoka ya kwanza hadi ya nne miaka 5 au 10 ni kawaida. Ukinukuu tarehe ya hatimiliki kama siku aliyohamia, umemchelewesha muongo mzima.

Haki hiyo iliuzika katika kila hatua. Ndiyo maana unaona jina lingine: geuza karatasi, nyuma ya hati mara nyingi kuna maneno ya kuhamisha haki na saini za mashahidi. Mashahidi hao waandike kwenye daftari lako, kwa kawaida ni shemeji, jirani au mtu wa kikosi kimoja.

Usichanganye haya na ardhi ya zawadi ya kijeshi. Virginia ilitoa hiyo kwa waliotumikia jeshi la kudumu au vikosi vya jimbo, na askari wa Clark wa kampeni ya Illinois walitengewa ekari 150,000 ng'ambo ya Mto Ohio. Zamu za mgambo peke yake hazikumpa mtu ardhi hiyo.

Pole moja ni futi 16.5, yaani mita 5.03. Maili moja ni pole 320, ekari moja ni pole za mraba 160. Ekari 400 zikiwa mraba kamili, upande ni kama pole 253, sawa na kilomita 1.27. Ekari 1,000 ni pole 400 kila upande, kilomita 2 na kidogo. Weka hesabu hii kichwani, utagundua haraka mnakili aliyesoma 40 badala ya 400.

Ukitaka kuchora, chukua mfano wa mstari: "kutoka mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, Kaskazini 45 Mashariki, pole 200 hadi miti miwili ya hickory." Zidisha 200 kwa kosaini (cos) ya 45 kupata mwendo wa kaskazini, na kwa saini (sin ya hesabu) ya 45 kupata wa mashariki. Hapa zote ni 141.4. Fanya hivyo kwa kila mstari, jumlisha. Mwisho unapaswa kurudi kwenye mwaloni. Kupishana pole 2 au 3 ni kawaida ya mnyororo uliovutwa porini. Ikikosekana pole 50 au 100, kuna mstari mzima mnakili ameuruka, au amebadilisha Mashariki na Magharibi. Jaribu kugeuza herufi moja moja kwanza kabla ya kulaumu upimaji.

Dira zao zilipima kaskazini ya sumaku, na hiyo inahama. Umbo lako lizungushe lote kwa pamoja mpaka mstari wa kijito ulale juu ya kijito cha ramani ya leo. Usizungushe mstari mmoja mmoja.

Na viwanja vilipandiana vibaya sana kama vigae vya paa, kwa sababu kila mmoja alipimiwa kivyake bila ramani ya pamoja. Balaa kwa wenyewe, neema kwetu. Kesi za mipaka zilijaa mahakama za Kentucky kwa miongo, na wazee waliitwa kueleza chini ya kiapo chemchemi fulani ilikuwa wapi 1776, nani alijenga kibanda, nani alikuwepo. Shahidi alitaja umri wake pia. Tafuta ushahidi huo chini ya majina ya wadaiwa na wadai, maana jina la Logan halitakuwa kwenye jalada hata kama kurasa kumi zinamzungumzia.

---

Shangazi Nyaraka

Mwanangu mleta mada, tenganisha kwanza akina Logan, la sivyo makala itachekesha.

Yule kiongozi wa Wenyeji wa Asili ni Logan wa Wamingo, maarufu kwa hotuba ya wakati wa Vita vya Lord Dunmore vya 1774. Hana undugu na huyu. Aliyekufa 1812 ni Kapteni Logan, Mshawnee ambaye jina lake la asili ni Spemica Lawba. Huyu alitekwa akiwa kijana kwenye msafara ule wa 1786, akakaa na familia ya Benjamin Logan, akachukua jina lao. Kisha yupo John Logan, ndugu wa Benjamin, naye kanali, naye wa Lincoln, baadaye mweka hazina wa kwanza wa Kentucky. Huyo ndiye hatari zaidi, kwa sababu hati ikisema tu "Kanali Logan" baada ya 1780, huna haki ya kuchagua kabla ya kuona saini au kijito. Hata majina ya mahali: Kaunti ya Logan ya Kentucky na ya Ohio ni za Benjamin, ya West Virginia ni ya yule Mmingo. Kwenye kutafuta jaribu pia Loggan na Login.

Kwa simulizi za wakazi wenyewe, nenda kwenye karatasi za Lyman Draper, mkusanyaji wa historia ya walowezi, zilizoko Wisconsin Historical Society, Madison. Filamu zake ndogo (microfilm) ziko maktaba nyingi, na Frankfort au Louisville hutakosa. Rejea kama 12CC45 inasomeka hivi: juzuu ya 12, mfululizo wa CC ambao ni wa Kentucky, ukurasa wa 45. Juzuu za 11 hadi 13 zina mahojiano mengi ya mchungaji John Shane na wazee. Mwandiko wake ni wa mkato na mgumu, soma ukurasa mmoja polepole ujue anavyofupisha kabla ya kuendelea.

Usikae upande mmoja wa mto tu. Kwenye Vita vya Blue Licks, Agosti 19, 1782, ambako Wakentucky walishindwa na Waingereza na Wenyeji wa Asili, Logan alichelewa. Alifika siku chache baadaye kuzika maiti, na barua yake kwa Gavana Benjamin Harrison ya Agosti 31 ipo kwenye nyaraka za Virginia. Lakini upande wa pili nao uliandika: taarifa za William Caldwell na Alexander McKee, maofisa wa upande wa Waingereza, kwenda Detroit zimehifadhiwa kwenye Haldimand Papers, yaani karatasi za gavana wa Kiingereza wa Quebec. Upande huo ulidai kuua na kuteka watu 146. Wakentucky wote waliokuwepo walikuwa kama 180, na waliokufa hesabu zao zinaelea kwenye 70 hivi. Weka namba zote mbili na useme nani kasema ipi.

Watumwa nao wamo, ukiwatafuta panapostahili. Kwenye kodi ni namba tu, walio juu ya miaka 16 na jumla. Majina yanajitokeza kwenye wosia, orodha ya mali na hati za mauzo, kwa hiyo zioanishe: idadi ya mwaka huu, pungufu ya mwaka kesho, kisha hati ya mauzo katikati. Kwenye ngome zile walikuwapo tangu mwanzo, na orodha za mgambo hazitakuambia hivyo.

Halafu 1786 usiipite kwa sentensi moja. Logan alivuka Ohio akiwa na watu karibu 800. Moluntha, chifu mzee wa Washawnee aliyetia saini mkataba wa Fort Finney mapema mwaka uleule, alijisalimisha, na Hugh McGary, ofisa wa mgambo wa Kentucky, akamuua akiwa mateka. McGary alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Machi 1787, akasimamishwa cheo mwaka mmoja tu. Wasifu wa kumsifu Logan huishia kwenye ushindi wa msafara, habari za kesi huachwa.

Siasa ni fupi: 1796 kwenye uchaguzi wa gavana duru ya kwanza Logan alipata kura 21 za wajumbe wa uchaguzi, James Garrard 17, Thomas Todd 14, John Brown 1. Wakapiga tena, Garrard akashinda. Logan hakuwahi kuwa gavana, ingawa kuna kurasa zinamwita hivyo.

Kama ni kuagiza nakala moja tu wiki hii, agiza orodha ya mali ya marehemu kutoka Shelby. Taja jina kamili na Desemba 1802, waombe wakague vitabu vya 1802 hadi 1810, na waombe picha ya ukurasa, si muhtasari uliopigwa chapa.